Filamu za kuiga katika bunilizi ya kisayansi

Filamu za kuiga katika bunilizi ya kisayansi ni filamu za kusisimua zenye bajeti ndogo ambazo hufuata kisa, sura au jina la filamu nyingine inayojulikana zaidi. Kwa kawaida hutengenezwa kwa haraka, ili zitoke wakati filamu inayoigwa bado inatangazwa au bado inazungumzwa na watu. Kwa Kiingereza huitwa *mockbuster*, neno lililoundwa kutokana na *blockbuster*, yaani filamu kubwa inayovuta umati wa watazamaji.

Filamu hizo zimetengenezwa katika nchi nyingi, hasa Marekani na Italia, lakini pia Uingereza, Uturuki, Indonesia na kwingineko. Nyingi zilidharauliwa na wahakiki na kusahauliwa upesi. Hata hivyo zina umuhimu wa aina mbili katika historia ya sinema. Kwanza, baadhi ya studio zilizozitengeneza zilikuwa shule ya kazi kwa vijana ambao baadaye walitengeneza filamu kubwa. Mfano mashuhuri ni James Cameron. Pili, kesi zilizofunguliwa dhidi yake zimesaidia kuonyesha mpaka uliopo kati ya wazo, ambalo kila mtu anaweza kulitumia, na jina, ambalo linaweza kuwa na mwenyewe.

## Maana na mipaka

Filamu ya kuiga hutofautishwa na aina nyingine zinazokaribiana nayo:

* Toleo jipya la filamu ya zamani hutengenezwa kwa idhini ya mwenye haki, na jina la filamu ya kwanza hutajwa waziwazi.
* Filamu ya mzaha huiga ili kuchekesha, na mtazamaji anatakiwa atambue kinachotaniwa. Mfano ni *Spaceballs* ya Mel Brooks (1987), inayoitania *Star Wars*.
* Nakala haramu ni filamu ileile iliyorudufiwa bila ruhusa. Filamu ya kuiga, kinyume chake, ina waigizaji wake, muswada wake na picha zake, hata kama zote ni hafifu.

Mpaka kati ya kuiga na kuathiriwa hauko wazi siku zote. George Lucas mwenyewe alikiri kwamba *Star Wars* (1977) ilichota mambo kutoka *The Hidden Fortress* (1958), filamu ya Mjapani Akira Kurosawa. Kwa hiyo wahakiki wengi hawaangalii tu kama filamu imechukua kitu kutoka kwa nyingine, bali huangalia imechukua kiasi gani, imeongeza nini, na inajitambulisha vipi kwa mnunuzi.

## Kwa nini bunilizi ya kisayansi

Zipo filamu za kuiga za kila aina, lakini bunilizi ya kisayansi imeigwa sana kwa sababu kadhaa.

Sababu ya kwanza ni kwamba visa vyake vinaweza kuelezwa kwa sentensi moja. Kiumbe asiyejulikana ameingia ndani ya chombo cha anga na anaua mabaharia mmoja baada ya mwingine. Roboti imetumwa kutoka wakati ujao ili kumuua mtu wa leo. Wanyama waliokwisha kutoweka duniani wamerudishwa na wanasayansi. Sentensi kama hiyo ikishauzwa na tangazo la kampuni kubwa, kampuni ndogo haina haja ya kuieleza upya.

Sababu ya pili ni gharama. Kisa cha watu waliofungiwa katika chombo cha anga, pango au maabara hakihitaji mitaa, umati wala magari. Korido mbili tatu zinatosha, zikipigwa picha kutoka pande mbalimbali na kwa mwanga mdogo. Giza huficha mbao na maboksi, na pia humficha kiumbe ambaye kwa kweli ni mtu aliyevaa mpira.

Sababu ya tatu ni kwamba kivutio cha filamu za namna hii huwa ni kiumbe, mashine au maafa, si mwigizaji nyota. Mtayarishaji anaweza basi kuajiri waigizaji wasiojulikana, pamoja na mmoja mwenye jina anayelipwa kwa siku chache tu ili jina lake lionekane kwenye bango.

## Historia

### Mwanzo

Mfano wa mapema ni *Rocketship X-M*, filamu ya Marekani ya mwaka 1950 iliyoongozwa na Kurt Neumann kwa kampuni ndogo ya Lippert. Wakati huo mtayarishaji George Pal alikuwa akitengeneza *Destination Moon*, filamu ya rangi kuhusu safari ya kwenda mwezini ambayo ilikuwa imetangazwa sana katika magazeti na majarida. Kampuni ya Lippert ilipiga picha zake kwa wiki chache, na ikaitoa filamu yake karibu mwezi mmoja kabla ya ile ya Pal.

Ili isifanane mno na filamu iliyotangulia kutangazwa, chombo cha *Rocketship X-M* huanza safari ya mwezini lakini hupotea njia na kufika Mirihi. Huko wasafiri wanakuta mabaki ya ustaarabu ulioangamizwa na vita vya nyuklia. Kwa sababu hiyo filamu iliyotengenezwa ili kuchuma kutokana na tangazo la mwingine inahesabiwa leo kati ya filamu za kwanza za safari za anga zilizowaonya watazamaji kuhusu silaha za nyuklia.

### Roger Corman na New World Pictures

Mtu aliyehusishwa zaidi na filamu za bajeti ndogo nchini Marekani ni Roger Corman (1926–2024), mwongozaji na mtayarishaji aliyeanzisha kampuni ya New World Pictures mwaka 1970. Baada ya *Jaws* ya Steven Spielberg (1975) na *Star Wars* kuvunja rekodi za mapato, kampuni yake ilitoa mfululizo wa filamu zilizofuata nyayo hizo.

*Piranha* (1978) ilichukua kisa cha *Jaws* na kuwaweka samaki wadogo waliozalishwa kwa ajili ya jeshi mahali pa papa. Iliongozwa na Joe Dante kwa muswada wa John Sayles. Inasimuliwa kwamba studio ya Universal, mmiliki wa *Jaws*, ilifikiria kuizuia mahakamani, lakini Spielberg aliipenda. Miaka sita baadaye Dante aliongoza *Gremlins* (1984), ambayo Spielberg alikuwa mmoja wa watayarishaji wake wakuu.

*Battle Beyond the Stars* (1980), iliyoongozwa na Jimmy T. Murakami, ilitumia sura ya *Star Wars*, lakini kisa chake kilitoka katika *Seven Samurai* (1954) ya Kurosawa: kijiji kinachoonewa kinatafuta wapiganaji wa kukilinda. Filamu haikuficha deni lake. Sayari inayolindwa inaitwa Akir, kwa kumbukumbu ya jina la Akira Kurosawa, na mwigizaji Robert Vaughn, aliyekuwa mmoja wa wapiganaji katika *The Magnificent Seven* (1960), alipewa nafasi inayofanana na ile ya zamani. Muziki ulitungwa na James Horner, ambaye baadaye alitunga ule wa *Titanic* (1997).

*Galaxy of Terror* (1981), iliyoongozwa na Bruce D. Clark, na *Forbidden World* (1982), iliyoongozwa na Allan Holzman, zilifuata *Alien* ya Ridley Scott (1979). Picha za vyombo vya anga katika *Forbidden World* zilichukuliwa kutoka *Battle Beyond the Stars*, na zilitumika tena katika *Space Raiders* (1983). Kwa Corman, picha iliyokwisha kulipiwa ilikuwa mali ya kutumiwa hadi ichakae.

Mwaka 2009 Corman alitunukiwa tuzo ya heshima ya Oscar, pamoja na mambo mengine kwa sababu ya idadi kubwa ya wasanii walioanzia kwake.

### Italia

Sinema ya Italia ilikuwa na desturi ya kufuata mafanikio ya kigeni kwa mawimbi: filamu moja ikifaulu, nyingine nyingi za namna hiyo hufuata ndani ya muda mfupi. Waongozaji wengi walitumia majina ya Kiingereza ili filamu zao zionekane kuwa za Marekani. Luigi Cozzi alijiita Lewis Coates, Antonio Margheriti alijiita Anthony M. Dawson, na Bruno Mattei alijiita Vincent Dawn.

Cozzi aliongoza *Starcrash* (1978), iliyofuata *Star Wars*. Waigizaji wake ni pamoja na Caroline Munro, Christopher Plummer na David Hasselhoff, ambaye wakati huo hakuwa amejulikana. Nchini Marekani ilisambazwa na New World Pictures. Baadaye Cozzi aliongoza *Contamination* (1980), ambamo mayai ya kiumbe wa sayari nyingine yanafikishwa New York yakiwa ndani ya shehena ya kahawa. Katika mwaka uleule mwongozaji Ciro Ippolito alitoa filamu iliyoitwa *Alien 2*, ingawa haikuwa na uhusiano wowote na wamiliki wa *Alien*. Mwendelezo halali wa *Alien* ulikuja miaka sita baadaye.

Jambo kama hilo lilirudiwa mwaka 1989, wakati *Shocking Dark* ya Mattei ilipotolewa nchini Italia kwa jina la *Terminator 2*, miaka miwili kabla ya filamu halisi ya *Terminator 2: Judgment Day*. Sehemu kubwa ya kisa chake, kinachotokea katika mahandaki chini ya Venice, inafuata *Aliens* (1986), na roboti muuaji anaingizwa baadaye.

### Nchi nyingine

Nchini Uingereza Norman J. Warren aliongoza *Inseminoid* (1981), iliyopigwa kwa sehemu kubwa katika mapango ya Chislehurst karibu na London. Mapango hayo yalitumika kama makao ya watafiti katika sayari ya mbali, na hivyo kuondoa gharama ya kujenga seti kubwa.

Nchini Uturuki Çetin İnanç aliongoza *Dünyayı Kurtaran Adam* (1982), maana yake "Mtu Aliyeiokoa Dunia". Mwigizaji mkuu, Cüneyt Arkın, anaonekana akiendesha chombo cha anga huku vipande halisi vya *Star Wars* vikionyeshwa nyuma yake, na muziki wa *Raiders of the Lost Ark* (1981) ukipigwa. Hakuna ruhusa iliyotolewa kwa mambo hayo. Filamu hii inajulikana nje ya Uturuki kama "Star Wars ya Kituruki", ingawa kisa chake si kile cha *Star Wars*.

Nchini Indonesia H. Tjut Djalil aliongoza *Lady Terminator* (1989). Matukio yake mengi yanafuata *The Terminator* (1984) karibu hatua kwa hatua, lakini muuaji wake si roboti. Ni mwanamke aliyeingiwa na nguvu za Malkia wa Bahari ya Kusini, anayejulikana sana katika simulizi za kale za Java.

Barani Afrika mfano unaotajwa mara nyingi ni *2016*, filamu ya Ghana iliyotengenezwa mwaka 2010, kuhusu viumbe wa anga wanaoivamia nchi hiyo. Kiumbe wake anafanana na yule wa *Predator* (1987). Tangazo lake lilienea sana katika intaneti, na lilitazamwa na watu wengi ambao hawakuwahi kuiona filamu yenyewe.

### Dinosaria wa mwaka 1993

*Carnosaur*, filamu ya dinosaria iliyotayarishwa na Corman na kuongozwa na Adam Simon, ilitolewa Mei 1993, wiki chache kabla ya *Jurassic Park* ya Spielberg. Mwigizaji wake mkuu alikuwa Diane Ladd, mama wa Laura Dern aliyeigiza katika *Jurassic Park*.

Kwa kawaida *Carnosaur* huhesabiwa kuwa filamu ya kuiga, na kwa upande wa wakati wa kutolewa ni kweli. Lakini riwaya iliyochukuliwa kuwa msingi wake iliandikwa na John Brosnan na kuchapishwa mwaka 1984, miaka sita kabla ya riwaya ya Michael Crichton iliyozaa *Jurassic Park*. Hapa aliyetangulia kuandika amejulikana kama mwigaji kwa sababu filamu ya mwenzake ilikuwa kubwa zaidi.

### The Asylum

Katika karne ya 21 jina linalohusishwa zaidi na filamu za kuiga ni The Asylum, kampuni ya Marekani iliyoanzishwa mwaka 1997 na David Michael Latt, David Rimawi na Sherri Strain. Kampuni hiyo ilianza kwa filamu za kutisha zilizouzwa moja kwa moja kwenye video bila kupitia kumbi za sinema.

Mwelekeo wake ulibadilika mwaka 2005. The Asylum ilitoa filamu kutokana na *The War of the Worlds*, riwaya ya H. G. Wells ya mwaka 1898, katika wiki ileile ambayo filamu ya Spielberg yenye msingi huohuo iliingia katika kumbi. Kampuni ya kukodisha video ya Blockbuster iliagiza nakala 100,000, kiasi kilichozidi sana maagizo yake ya kawaida. Kwa kuwa riwaya hiyo ilikuwa imekwisha kuwa mali ya umma nchini Marekani, hapakuwa na kosa la hakimiliki. Mwaka huohuo kampuni ya tatu, Pendragon Pictures, nayo ilitoa filamu yake kutokana na riwaya hiyohiyo.

Baada ya hapo zilifuata *Transmorphers* (2007), *The Terminators* (2009), *Battle of Los Angeles* (2011), *Atlantic Rim* (2013) na nyingine nyingi. Baadaye kampuni ilijulikana pia kwa visa vya kustaajabisha vya kwake yenyewe, hasa *Sharknado* (2013), iliyoonyeshwa na televisheni ya Syfy, ambamo kimbunga kinawabeba papa hadi mitaani.

## Namna zinavyotengenezwa

Utengenezaji wa filamu ya kuiga huanzia mwisho. Katika utengenezaji wa kawaida kisa huja kwanza, na jina na bango hufuata. Katika filamu ya kuiga jina, bango na tarehe ya kutolewa mara nyingi hujulikana kabla ya muswada kuandikwa, kwa sababu vyote vitatu hutegemea filamu ya mwingine. Mtayarishaji husoma matangazo ya studio kubwa na kuhesabu miezi iliyobaki.

Bajeti huwa chini ya dola milioni moja katika filamu nyingi za The Asylum, wakati filamu inayoigwa inaweza kugharimu zaidi ya dola milioni 100. Tofauti hiyo hufidiwa kwa njia zifuatazo:

* kupiga picha kwa siku chache, mara nyingi wiki mbili au tatu;
* kutumia seti zilizobaki kutoka filamu nyingine;
* kurudia vipande vya picha vilivyokwisha kupigwa;
* kurefusha mazungumzo na kupunguza matukio yenye kiumbe au mlipuko;
* kutumia kompyuta kwa picha za vyombo vya anga na majengo yanayobomoka, mara nyingi kwa ubora wa chini;
* kuwapa vijana wasio na uzoefu kazi kubwa kwa malipo madogo.

Njia hii ya mwisho ina pande mbili. Vijana walifanya kazi saa nyingi kwa fedha kidogo, lakini walipewa majukumu ambayo studio kubwa zisingewapa kwa miaka mingi.

## Kutoka mwigaji hadi mwenye kuigwa

Uhusiano kati ya *Alien*, Corman na *The Terminator* unaonyesha jinsi kuiga na kubuni kunavyoweza kufuatana.

*Alien* haikuanzia patupu. Wahakiki wameilinganisha na *It! The Terror from Beyond Space* (1958), ambayo pia inahusu kiumbe aliyejificha ndani ya chombo cha anga, na *Terrore nello spazio* (1965) ya Mwitalia Mario Bava, ambamo wasafiri wanakuta mifupa ya majitu katika chombo kilichotelekezwa. Zote mbili zilikuwa filamu za bajeti ndogo. Mwandishi wa *Alien*, Dan O'Bannon, alikuwa amekwisha kuandika pamoja na John Carpenter filamu ya *Dark Star* (1974), iliyoanza kama kazi ya wanafunzi, ambamo kiumbe wa sayari nyingine ni mpira wa kuchezea ufukweni.

Miaka miwili baada ya *Alien*, James Cameron alisanifu seti za *Galaxy of Terror*. Kuta za chombo cha anga zilipambwa kwa vyombo vya povu vya kufungia chakula, vilivyopigwa rangi vikaonekana kama mitambo. Cameron alitakiwa pia kupiga picha ya mkono uliokatika ukiwa umejaa funza, lakini funza hao hawakujongea vya kutosha. Akapitisha umeme mdogo kwenye mkono huo, na kila alipoagiza kuanza kupiga picha msaidizi aliunganisha waya. Kwa maelezo ya Cameron mwenyewe, watayarishaji waliokuwa wakipita waliona funza wakianza kucheza kwa amri yake na kutulia alipoagiza kusimama, wakaanza kuzungumza naye kuhusu kuongoza filamu.

Filamu ya kwanza ndefu yenye jina lake kama mwongozaji ilikuwa *Piranha II: The Spawning* (1982), mwendelezo wa filamu iliyoiga *Jaws*. Akiwa Roma kwa kazi hiyo aliugua homa, akaota ndoto ya mwili wa chuma ukitoka motoni. Ndoto hiyo ikawa chanzo cha *The Terminator*, iliyogharimu takriban dola milioni 6.4. Mtayarishaji wake, Gale Anne Hurd, alikuwa ameanza kazi kama msaidizi wa Corman. Hata filamu hiyo ilipata mdai: mwandishi Harlan Ellison alisema inafanana na kipindi alichokiandika kwa mfululizo wa televisheni wa *The Outer Limits* mwaka 1964. Wahusika walipatana nje ya mahakama, na jina la Ellison liliongezwa katika orodha ya shukrani ya filamu.

Mwaka 1986 Cameron aliongoza *Aliens*, mwendelezo halali wa *Alien*. Pamoja naye walikuwapo watu waliowahi kufanya kazi kwa Corman: Hurd kama mtayarishaji, Horner kama mtunzi wa muziki, mwigizaji Bill Paxton aliyewahi kupamba seti za *Galaxy of Terror*, na Robert Skotak, mmoja wa walioipatia *Aliens* tuzo ya Oscar ya picha za madoido. Hivyo watu waliojifunza kazi kwa kuiga *Alien* walikabidhiwa *Alien* yenyewe. Miaka mitatu baadaye *Shocking Dark* na *Lady Terminator* zilikuwa zinawaiga wao.

## Sheria

Hakimiliki hulinda namna wazo lilivyoelezwa, haimpi mtu umiliki wa wazo lenyewe. Kanuni hii imo katika sheria ya hakimiliki ya Marekani ya mwaka 1976, na pia katika mkataba wa TRIPS wa mwaka 1994, unaozihusu nchi wanachama wa Shirika la Biashara Duniani, zikiwemo Tanzania, Kenya na Uganda. Kwa hiyo hakuna anayeweza kumiliki wazo la kiumbe ndani ya chombo cha anga. Anachoweza kumiliki ni mazungumzo, wahusika waliochorwa kwa ukamilifu, picha, muziki na mpangilio mahususi wa matukio.

Filamu inaweza kuvuka mpaka huo. Mwaka 1982 Universal ilifaulu kuizuia nchini Marekani *L'ultimo squalo*, filamu ya Mwitalia Enzo G. Castellari kuhusu papa, kwa sababu ilifanana mno na *Jaws*. Iliondolewa katika kumbi muda mfupi baada ya kuanza kuonyeshwa.

Kesi nyingi zaidi, hata hivyo, zimehusu majina na mabango, mambo yanayosimamiwa na sheria ya alama za biashara. Swali hapo ni kama mnunuzi wa kawaida anaweza kudhani bidhaa hii ni ile. Mwaka 1976, wakati *King Kong* mpya ilipokuwa ikingojewa, filamu ya *A\*P\*E*, iliyotengenezwa kwa ushirikiano wa Korea Kusini na Marekani, ilitangazwa kwa mabango yenye maneno ya kuwatahadharisha watu wasiichanganye na *King Kong*.

Mwaka 2012 The Asylum ilishtakiwa mara mbili. Universal ililalamikia jina la *American Battleship*, lililokaribiana na *Battleship* ya mwaka huo, na filamu ikabadilishwa jina kuwa *American Warships*. Kisha Warner Bros. na wenzake walilalamikia *Age of the Hobbits*, iliyokuwa itolewe siku chache kabla ya *The Hobbit: An Unexpected Journey*. The Asylum ilijitetea kwamba "hobbit" ni jina la utani walilolitumia wanasayansi kwa *Homo floresiensis*, binadamu wafupi wa kale ambao mabaki yao yaligunduliwa katika kisiwa cha Flores nchini Indonesia mwaka 2003. Mahakama haikuukubali utetezi huo. Ilitoa zuio Desemba 2012, na mahakama ya rufaa ililithibitisha mwaka 2013. Filamu ilitolewa baadaye kwa jina la *Clash of the Empires*. Kisa chake hakikuguswa. Kilichozuiwa ni jina.

## Mapokezi

Wahakiki kwa kawaida huzipa filamu hizi alama za chini kwa sababu ya uigizaji hafifu, picha duni za kompyuta na visa visivyokamilika. Lawama kubwa zaidi ni ya kumdanganya mnunuzi. Mzazi au mtu mwingine asiyefuatilia habari za sinema huona jina na picha zinazofanana na alizoziona katika matangazo, akalipia, na kugundua akiwa nyumbani kwamba ameuziwa mbuzi kwenye gunia. Watetezi husema kwamba bei ni ndogo, kwamba wapo watazamaji wanaozipenda kwa vituko vyake, na kwamba studio kubwa nazo huigana bila kulaumiwa vivyo hivyo.

Katika Afrika ya Mashariki watu wengi walizifahamu filamu za kigeni kupitia vibanda vya video, ambamo mara nyingi msimulizi alizitafsiri kwa Kiswahili au Kiganda, na kupitia diski zenye filamu nyingi pamoja. Katika diski kama hizo mtazamaji anaweza kukuta filamu asilia na za kuiga zimechanganywa chini ya jalada moja. Njia rahisi ya kuzitofautisha ni kusoma jina lote bila kuruka neno, na kuangalia jina la mwongozaji na la kampuni iliyotengeneza, kwa kuwa hayo hayawezi kuigwa bila kuvunja sheria.

## Baadhi ya mifano

| Filamu | Mwaka | Nchi | Filamu inayohusishwa nayo |
|---|---|---|---|
| *Rocketship X-M* | 1950 | Marekani | *Destination Moon* |
| *Starcrash* | 1978 | Italia | *Star Wars* |
| *Battle Beyond the Stars* | 1980 | Marekani | *Star Wars*, *Seven Samurai* |
| *Contamination* | 1980 | Italia | *Alien* |
| *Galaxy of Terror* | 1981 | Marekani | *Alien* |
| *Inseminoid* | 1981 | Uingereza | *Alien* |
| *Dünyayı Kurtaran Adam* | 1982 | Uturuki | *Star Wars* |
| *Lady Terminator* | 1989 | Indonesia | *The Terminator* |
| *Shocking Dark* | 1989 | Italia | *Aliens*, *The Terminator* |
| *Carnosaur* | 1993 | Marekani | *Jurassic Park* |
| *Transmorphers* | 2007 | Marekani | *Transformers* |
| *Atlantic Rim* | 2013 | Marekani | *Pacific Rim* |

## Tazama pia

* Bunilizi ya kisayansi
* Hakimiliki
* Alama ya biashara
* Roger Corman
* James Cameron